Maji ya Marehemu, Ghorofa ya Nne

Frosa Țurlea alikuwa msusi, na kama ulitaka kumkatalia jambo, bora ungemkatalia kabla hajashika mkasi. Saluni ya ushirika ilipofungwa alihamishia kazi jikoni kwake, ghorofa ya tatu, na watu wa jengo zima wakawa wanampelekea vichwa vyao. Mimi nilikaa chini yake, ghorofa ya pili. Nilijua nani anakatwa nywele kwa jinsi alivyopiga kelele.

Jengo letu lilijengwa kabla ya vita na watu wenye pesa, kwenye mji wetu huu mdogo kando ya mto Danube. Tetemeko la mwaka sabini na saba lililoitikisa Romania nzima lilipasua kuta zake tangu juu mpaka chini. Wakubwa wa wakati ule wakatuambia tupige lipu, tupake rangi, tunyamaze. Tukapiga lipu, tukapaka rangi, tukanyamaza. Frosa alikuwa msichana, na tetemeko lile lilimfukia dada yake chini ya duka la mikate. Hakulisema mara nyingi, ila akisikia lori zito linapita barabarani aliacha mkasi hewani na kuitazama taa.

Miaka mingi baadaye manispaa ilipigilia bati la duara jekundu kando ya mlango wetu wa mbele. Maana yake kila mtu aliijua: ardhi ikitikisika sawasawa, nyumba hii itaua. Sisi tuliliita medali. Kuimarisha nguzo, manispaa ilisema itaimarisha, lakini kwanza wenye nyumba wote wakubali, na wote wahame. Wote, bila kubaki hata mmoja. Hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu anayeamini kwamba ukitoka kwako kwa amri ya serikali utarudi.

Frosa aliamua atatutoa. Akawa anatufanyia kazi mmoja mmoja, kitini. Namkumbuka Fănel wa ghorofa ya kwanza, aliyekuwa akipangisha chumba, amekatwa upande mmoja wa kichwa na upande wa pili bado kichaka.

"Bati letu limepotea tena, Fănel," Frosa alisema. "Hukuliona?"

"Shangazi, wapangaji wanalikimbia! Nifanyeje?"

"Nimekwisha kuchora jingine ukutani kwa rangi. Kubwa zaidi. Sasa niambie, utakubali tuhame?"

"Nitafikiria. Malizia upande huu."

"Wewe fikiria. Mkasi umechoka kidogo."

"Shangazi, nina harusi leo!"

"Basi watakuona vizuri."

Alikubali. Tulikubali sote, wengine kwa nywele, wengine kwa aibu. Alibaki mzee Pandele wa ghorofa ya nne, dereva mstaafu wa treni, ambaye alikuwa na upara na hakumhitaji Frosa kwa lolote. Mkewe, Paraschiva, alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na Pandele alisema hawezi kumbeba mgonjwa ngazini kama kabati. Hapo hata Frosa hakumsumbua tena.

Paraschiva alifariki mwanzoni mwa vuli. Tukamzika, tukala ngano ya marehemu yenye sukari na kokwa za jozi, na Pandele akaweka glasi ya maji na taulo safi kwenye dirisha la chumba chao. Ndivyo tunavyofanya. Roho huzunguka nyumbani kwake siku arobaini, na ikichoka inywe, ikinywa ijipanguse. Maji hubadilishwa kila siku.

Wiki ileile manispaa ikatuletea habari. Vyumba vya muda vimepatikana, kwenye bweni la zamani la kiwanda cha sukari nje ya mji. Tuhame sasa, ama vyumba vinapewa jengo jingine na sisi tunarudi nyuma ya foleni. Na hiyo foleni, watu walikuwa wakifa ndani yake.

Frosa alipanda juu, nami nikamfuata.

"Mzee Pandele, umesikia."

"Nimesikia. Arobaini ikipita nitahama."

"Arobaini ikipita hakuna vyumba."

"Basi nendeni."

"Hatuwezi kwenda bila wewe, mzee wangu. Ukibaki wewe tumebaki sote. Watoto wa Fănel wamebaki."

Pandele alitazama dirishani. "Frosa, yule mwanamke amekaa nami tangu nina nywele. Arudi kwake akute kufuli? Akute hata tone la maji hakuna? Atasema nini?"

Nilidhani Frosa angemkaripia, maana alikuwa na ulimi. Akaketi kitandani badala yake.

"Nikimwekea mimi?" alisema. "Wewe uende, mimi nije kila siku nimbadilishie maji mpaka arobaini iishe. Utaridhika?"

Mzee alimgeukia. "Utaapa?"

Frosa akaapa, akafanya na ishara ya msalaba. Tukahama.

Manispaa ilifunga mlango kwa mnyororo na kumweka mlinzi, kijana mmoja aitwaye Niță. Kila asubuhi Frosa alipanda basi kutoka bwenini, na Niță alimfungulia. Alikatazwa kumfungulia yeyote, lakini naye alikuwa amemzika mama yake Krismasi iliyopita. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba unampelekea maji marehemu, atakufungulia.

Mimi sikumwonea haya. Nilimkabili jikoni bwenini, mbele za watu.

"Frosa, una wazimu? Miaka yote unatutisha na jengo lile, tumetoka, sasa wewe unaingia!"

"Napanda upesi, nashuka upesi."

"Jengo litakuuliza kama una haraka?"

Akacheka. "Shoga, nimeapa. Na yule mzee ameanza kulala usiku. Si umemsikia anavyokoroma?"

Kweli, alikuwa akikoroma. Nilikasirika nikaacha sufuria ikaungua.

Tetemeko lilipokuja lilikuwa dogo. Bwenini taa zilicheza, vijiko vikagongana mezani, na mjini watu hawakuacha hata kahawa zao. Nyumba zote zilisimama. Ya kwetu ilidondosha ngazi na ukuta wote wa nyuma.

Tulifika tukakuta vumbi, utepe, na injinia wa manispaa, Dumbravă, akizungumza mbele ya kamera. Uso wake uling'aa kwa furaha, na simlaumu, alikuwa ameokoa watu. "Jengo lilikuwa tupu," alisema. "Wakazi wote walihamishwa kwa wakati. Hakuna aliyeumia."

"Frosa yumo!" Pandele alipiga kelele. "Ni saa yake! Frosa yumo!"

"Mzee, tulia. Mlango umefungwa kwa mnyororo."

"Amekwenda kumwekea maji mke wangu!"

"Mke wako yuko wapi?"

"Amekufa!"

Injinia alimshika bega kwa upole, kama mtu anavyomshika aliyechanganyikiwa, akaomba aletewe kiti. Zimamoto walikuwa wakikunja mipira yao ya maji. Niță alikuwa amesimama pale pale, anatazama viatu vyake. Alijua. Alikuwa amemfungulia kwa mkono wake, kisha akafunga nyuma yake ili asikamatwe. Nilimwendea, nikamshika kola, nikamwambia, "Sema, mwana wa mbwa, sema!" Hakusema mpaka kamera ilipoondoka. Alipiga magoti barabarani ndipo akasema.

Walimtafuta kwenye kifusi hadi jioni. Alikuwa kati ya ghorofa ya nne na ya tatu, anashuka. Mzimamoto aliyembeba alilia waziwazi. Alituambia mwili ulikuwa bado na joto.

Kwetu maiti hulazwa nyumbani kwake watu wamkeshee, na Frosa hakuwa na nyumbani. Meneja wa bweni hakutaka jeneza ukumbini. Pandele akatoa kitanda chake nje, akasema aletwe chumbani kwake. Fănel alikuja amevaa suti ya harusi ile, akasimama mlangoni, hakuweza kuingia. Mimi niliziosha nywele za Frosa kutoa vumbi la lipu, lile la miaka ya kunyamaza, na halikutoka lote.

Kasisi alipoondoka, Pandele alisogeza kiti karibu na jeneza. Alimwekea Frosa vizuri kitambaa cha kichwa. Hakulia. Alizungumza naye kwa sauti ya kawaida, kama wanazungumza ngazini.

"Paraschiva alikuwa amekwisha kufa, mwanangu," alimwambia. "Heri angekaa na kiu."