Daktari wa Silikoni wa Suame

Nsiah Boadu ni fundi wa hovyo, na nasema hivi baada ya kukaa hatua kumi kutoka kibanda chake kwa miaka kumi na tisa. Hapa Suame, kwenye magereji ya Kumasi, kuna mafundi wanaoweza kukufufulia lori lililolala porini tangu babu yako akiwa kijana. Halafu kuna Nsiah. Kwenye ubao wake ameandika DAKTARI WA INJINI kwa rangi nyekundu, na chini yake kuna mchoro anaosema ni pistoni. Ni kopo la maziwa lile.

Mimi ni Fofie, mkata gasketi, zile karatasi za kuziba maungio ya injini. Naweka karatasi ngumu juu ya chuma, nagonga kingo kwa nyundo ndogo mpaka umbo litoke. Nsiah huniita mshona karatasi. Yeye gasketi hanunui. Ana tyubu yake ya silikoni na hiyo ndiyo dawa ya kila kitu. Mafuta yakivuja, silikoni. Maji yakivuja, silikoni. Siku moja nilimwona akiipaka kwenye kandambili iliyokatika, na nakiri hapo ilishika vizuri.

Desemba iliyopita Twumasi, dereva wa gari la kubebea maiti, alimletea Peugeot 504 ya zamani. Gasketi ya manifodi ya ekzosi, pale moshi unapotoka kwenye injini kuingia kwenye bomba, ilikuwa imeungua. Nsiah alifungua. Hakukwangua masizi, hakuweka rula kuona kama chuma kimepinda. Akabandika kipande cha boksi la sabuni, akamalizia na silikoni yake. Kisha akakaza nati kuanzia mwisho mmoja, kwa spana aliyoichomekea bomba refu, ati ndiyo nguvu. Kila mtu hapa anajua unaanza katikati, unakwenda pande zote mbili kidogo kidogo, na gari likishapata moto na kupoa unarudia kukaza. Kila mtu isipokuwa Daktari.

Kesho yake gari lilipowashwa nikasikia: tik, tik, tik. Baada ya dakika chache chuma kikapata moto, kikatanuka, sauti ikapotea.

"Hizo tapeti tu, bosi, vyuma vya valvu vinagonga," Nsiah akamwambia Twumasi. "Gari la zamani lazima liongee kidogo."

Nikacheka kimoyomoyo. Nilijua ni moshi unapenya, na nilijua boksi lile litakuwa jivu kabla ya wiki kwisha. Nikanyamaza. Nilitaka Nsiah aumbuke mbele ya Suame nzima, tena kwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Januari ikaja na upepo wake wa vumbi, na Twumasi akawa anaendesha vioo vimefungwa. Akaanza kuumwa kichwa. Akienda Mampong, kichwa. Akienda Ejura, kichwa, na usingizi mzito juu yake. Harufu ya dawa ya maiti ilifunika kila kitu, hata asiweze kunusa moshi. Aliogopa kuiacha kazi, maana hakuwa na nyingine, na aliogopa kuendelea nayo. Akarudi kwa yule yule.

"Daktari, kuna kitu ndani ya hili gari. Nikifunga vioo tu, kichwa kinataka kupasuka."

Nsiah akalizunguka gari, mikono nyuma. "Umebeba wangapi tangu Krismasi?"

"Kumi na mmoja."

"Na uliwamwagia kinywaji cha tambiko?"

"Familia zao humwaga."

"Familia zao, siyo wewe. Wamekukalia kichwani, ndugu yangu. Kalete chupa ya kitu kikali."

Chupa ikaletwa. Daktari akamwagia matairi pombe ya vifuniko viwili, akawabembeleza marehemu wasikasirike, na iliyobaki akainywa kwa niaba yao. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na nyundo yangu. Twumasi akanigeukia.

"Fofie, wewe unaonaje?"

Sentensi moja ingetosha. "Daktari ni yeye," nikasema. "Mimi nashona karatasi tu."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikajiona mjanja kweli kweli.

Jumamosi iliyofuata Twumasi alisinzia kwenye usukani, njia ya Ejura, akaingia shamba la mihogo. Jeneza liliteleza likafunguka mbele ya mjane, aliyekuwa akifuata kwa gari la nyuma. Kaka wa marehemu, aliyekaa kiti cha mbele, alivunjika nyonga. Twumasi alivunjika mkono. Injini haikuguswa, na gari likavutwa hadi Suame.

Twumasi alipokuja Alhamisi, mkono kwenye plasta, nilikuwa tayari. Nikafungua boneti watu wote wakiona. Nikawaonyesha mstari mweusi wa masizi kando ya manifodi, na tundu la kupitishia nyaya ambalo moshi ulipitia kuingia kwa dereva.

"Tazameni udaktari huu," nikasema. "Hakuna marehemu hapa. Huyu mtu alikuwa anavutishwa moshi."

Nilimsubiri Nsiah abishe, maana kubisha anajua. Hakubisha.

"Sikujua, Twumasi," akasema. "Nilidhani ni tapeti kweli." Akaanza kulia, mtu mzima yule, na midevu yake. Nikazidi kumdharau.

Nikatoa gasketi mpya niliyoikata asubuhi ile, safi, kila tundu mahali pake. "Chukua, Twumasi. Bure. Nitaifunga mwenyewe."

Akaipokea kwa mkono mzima, akaigeuza geuza. "Wewe ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya. "Siku ile ya kwanza lilipowashwa."

"Kwa hiyo nilipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa polepole, akanipita, akamkabidhi Nsiah ile gasketi. "Ifunge."

"Mimi?" Nsiah akauliza, akipangusa macho kwa mkono wa mafuta.

"Wewe hukujua," Twumasi akasema.