Helmeti Mbili za Kwenda Itumba

Mke wangu alijifunza kuendesha pikipiki kule Galula, alipokuwa muuguzi wa zahanati akipeleka chanjo vijijini. Mimi sijui kuendesha hadi leo. Kwa hiyo tuliponunua pikipiki yetu wenyewe, tulikubaliana bila maneno mengi: yeye atashika usukani, mimi nitakaa nyuma na mizigo. Safari ya kwanza ingekuwa Itumba, kwa mama yake.

Kabla ya safari tulikwenda sokoni Tunduma kutafuta mavazi. Muuza helmeti alituona tunakuja, akadhani tumevuka kutoka Zambia.

“Mulishani, bamayo,” alimsalimia mke wangu kwa Kibemba.

“Salama, kaka. Sisi ni wa hapahapa, kwa hiyo bei nayo iwe ya hapahapa.”

Yule kaka alicheka, akashusha helmeti. Mimi nilishika moja nyekundu yenye michoro ya moto, iliyotumika kidogo, bei poa. Mke wangu aliinyanyua, akaitazama kwa ndani, akairudisha.

“Hujui imewahi kuanguka na nani. Ikishapigika mara moja, kazi yake imekwisha, hata kama rangi inang’aa.”

Akanivisha nyeusi mpya, isiyo na pambo lolote, akafunga mkanda chini ya kidevu.

“Tikisa kichwa.”

Nilitikisa. Helmeti ilibaki ikitazama mbele, pua yangu ikaelekea pembeni.

“Kubwa hiyo.”

Tulijaribu nyingine, na nyingine tena, watu wakaanza kusimama kutazama mtu mzima akitikisa kichwa kama mbuzi aliyeingiwa na maji masikioni. Mwishowe tukapata iliyonibana mashavu hadi nikawa naongea kwa shida. Mke wangu aliridhika. Yake aliipata upesi. Hazikuwa za gharama, lakini zilikuwa mpya na zilikaa kichwani.

Mavazi mengine tuliyapata kwenye mitumba: makoti mawili mazito, glavu, na buti zangu zilizokuwa zimetengenezewa mtu wa theluji. Nililalamika kwamba nitachekwa.

“Utachekwa ukiwa na miguu yote miwili,” alisema.

Tuliondoka asubuhi yenye ukungu. Kupanda milima ya Ileje nilifumba macho mwanzoni, kisha nikayafumbua, na sikutaka kuyafumba tena. Mabonde yalikuwa yamejaa kijani, baridi inagonga kioo, na mimi ndani ya koti lile nilikuwa na joto kama mkate. Nilijikuta naimba. Mke wangu akanipiga kiwiko ninyamaze, halafu kwenye kona iliyofuata nikamsikia naye anaimba.

Mama mkwe alitoka nje aliposikia muungurumo. Mke wangu ni mrefu kunizidi, na kwa makoti na helmeti zile hukuweza kutambua nani mwanamke. Mama akasimama mbali kidogo, kwa heshima anayopewa mkwe, akainamisha macho mbele ya dereva.

“Karibu, mkwe wangu. Pole na milima. Unaendesha vizuri sana.” Kisha akanigeukia mimi, sauti ikabadilika. “Na wewe binti, mbona umejifungasha hivyo? Shuka ukateke maji, mumeo amechoka.”

Mke wangu alivua helmeti taratibu. “Shikamoo, mama.”

Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi, akakaa chini pale uani na kucheka hadi akajifuta machozi kwa khanga. Maji niliyateka mimi.

Jioni mama aliomba kuvaa helmeti yangu. Alifungua kilemba, akajifungia mkanda mwenyewe, akapanda nyuma ya binti yake. Walizunguka kijiji mara moja, kisha mara nyingine bila kuombwa na mtu. Jumapili alikataa kwenda kanisani kwa miguu. Aliingia na helmeti kwapani, akaiweka juu ya benchi kando yake, na kwaya ilipoanza niliona akiipiga kama ngoma.