Kura za Majarida

Mimi tangu utotoni si mtu wa kutulia, na kazi niliyopewa Uhuru ukiwa bado mchanga ilikuwa ya kukaa tu. Nilikuwa msaidizi katika kituo cha utafiti wa kilimo, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Mkuu wetu mpya, aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, aliagizwa apunguze majarida ya maktaba. Badala ya kuyasoma, akaamua yahesabiwe.

"Fungua kila makala, tazama marejeo mwishoni," aliniambia. "Jarida likitajwa, lipe alama. Kila kutajwa ni kura. Linalotajwa sana ndilo bora. Serikali yetu si tumeipata kwa kura?"

Alijifurahisha sana kwa maneno hayo. Mimi nikaketi, nikahesabu, nikainuka, nikazunguka meza, nikaketi tena. Kila alasiri mvua ilipiga mabati kana kwamba imeajiriwa.

Kilichoninyima raha ni jarida moja jembamba lililotoka nchi jirani, karatasi zake hafifu, wino umefifia. Kila msimu lilieleza majaribio ya mahindi, na lilisisitiza mbegu iingie ardhini mapema, kabla mvua haijashika. Mama yangu alikuwa amepata shamba Lumakanda, kwenye ardhi waliyoiacha walowezi wa Kizungu. Msimu wake wa kwanza alimsikiliza bwana shamba, akangoja mvua itulie ndipo apande. Alivuna magunzi. Na ushauri ule wa kungoja ulitoka katika makala ya jarida nene la Ulaya, lenye jalada linalong'aa. Nilitaka lile jembamba libaki, nijue majaribio yao yanaelekea wapi, mama asije akalala njaa tena.

Nilivyozidi kuhesabu, jarida nene liliongoza kwa mbali. Jembamba halikutajwa na yeyote. Uvumilivu ukaniishia, nikaanza kusoma nilichoambiwa nihesabu tu. Lo! Karibu waandishi wote walikuwa wakitaja makala ile ile ya kungoja mvua, na walikuwa wakiitaja ili kuipinga. Huyu alijaribu akaambulia patupu, yule aliiita upuuzi kwa lugha ya adabu.

Nilikwenda mbio ofisini, hata hodi sikubisha. "Bwana Mkuu, kura hizi ni za kulikataa!"

Alizitazama karatasi zangu, kisha viatu vyangu vilivyojaa matope. "Kura ni kura, kijana. Tukianza kumuuliza kila mtu ametaja kwa nini, tutamaliza lini?"

Nilikasirika, nikatoka bila kuaga. Jarida jembamba likafutwa kwenye orodha.

Jumamosi nilikwenda Lumakanda nikamweleza mama yote. Alikuwa anasonga obusuma, ugali wetu, na mwiko haukusimama.

"Baba," alisema, maana ndivyo alivyoniita kila siku, "hao watu wa vitabu wanalimanga kweli, ama wanaandikanga tu?"

Nilimwomba msimu huo tujaribu wenyewe. Tulipanda udongo ukiwa bado mkavu, kama toleo la mwisho la lile jembamba lilivyoelekeza. Majirani walitucheka, mimi nikawa naamka kila alfajiri kutazama mawingu. Mahindi yakaja mazito hata mama akaimba shambani. Nikarudia jaribio kituoni, nikaandika makala yangu ya kwanza: nililipinga jarida nene waziwazi na kulishukuru jembamba kwa aya nzima. Ikachapishwa. Niliona fahari ambayo siwezi kuificha.

Hesabu ya mwaka uliofuata Mkuu aliifanya mwenyewe. Alinisubiri mlangoni, anatabasamu, kalamu mkononi.

"Ulivyopiga kelele, kijana! Kumbe hata wewe umelitaja." Akanionyesha alama mpya mbele ya jina la jarida nene.

"Na lile jembamba?" nikauliza. "Nimelitaja zaidi."

Akaipitisha kalamu juu ya orodha, kutoka juu hadi chini, kwa uaminifu kabisa.

"Halimo. Si tulilifuta? Sina pa kuiweka kura yako."