Tonge la Kwanza la Mama Sabiti

"Shangazi, sasa ukila unajisikiaje?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la sita, nimechuchumaa uani kwetu Kagongwa, namwangalia shangazi yangu Mwanaidi akitema kwenye kopo la rangi. Hakuwa anatapika hasa. Yalikuwa mate, lakini mate gani yale! Mazito, meupe, yanavutika kama mlenda, hayakatiki mpaka ayakate kwa kidole. Alikuwa amekula nusu ya yai la kuchemsha. Nusu ya yai, mtu ambaye zamani alimaliza sahani ya pilau akiwa bado anapakua za wenzake, halafu ndipo anakaa kula. Alinyoosha mkono tu, akataka majivu ya kufunikia uchafu wake. Nikaenda jikoni kuchota, nimebana pumzi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Watu wengi wanamwita Mama Sabiti, kwa jina la mwanawe anayeishi Tabora. Miaka ile alikuwa mpishi Mwakitolyo, kwenye duara la mtu anayeitwa Mabula. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na hilo lilikuwa na wachimbaji thelathini na kitu, wote wanakula kwenye masufuria yake. Alikuwa mnene mpaka magoti yakagoma na sukari ikapanda. Akauza kiwanja, akaenda Dar es Salaam, madaktari wakampunguza tumbo. Alinieleza kwamba walilikata kwa urefu, sehemu kubwa wakaitoa, kilichobaki ndani kimekaa kama ndizi. Mimi napenda kujua vitu, kwa hiyo niliuliza ndizi mbivu au mbichi. Mama akanifukuza.

Wodini alipata rafiki, Apolonia, muuza dagaa wa Nkome. Huyo alifanyiwa aina nyingine. Walimtengea kitumbo kidogo juu, kama yai la kuku, wakakiunga na utumbo huko mbele, chakula kikawa kinapita njia ya mkato. Alikuja kututembelea Jumapili moja, na mama, kwa heshima ya mgeni, akampa chai yenye sukari ya kutosha. Naye, kwa heshima ya mwenyeji, akanywa, ingawa sukari alikatazwa. Mafunda matatu tu. Haukupita muda jasho likaanza kumtiririka mpaka kwenye kope, moyo unampiga hadi nikaona kanga inaruka kifuani, akaomba aonyeshwe choo. Mlango wa choo chetu ni kipande cha bati, hausitiri sauti hata moja. Tulikaa sebuleni tukijifanya tunasikiliza redio. Aliporudi alijilaza mkekani, midomo imekauka.

Shangazi alikuwa anacheka huku ameshika makovu yake. Akamwambia afadhali yeye, kwake chakula kinashuka. "Changu kinarudi kilivyokwenda, na salamu juu."

"Nyamaza, we ndizi," Apolonia akamjibu macho yamefumba.

Wakamkumbuka na Masudi, mnunuzi wa dhahabu waliyemkuta hospitali hiyohiyo. Yeye hakukatwa, aliingiziwa puto la maji kwa njia ya mdomo likae tumboni miezi sita. Kila akicheuka, harufu ya yai viza. Apolonia alisema wateja wa Masudi walikuwa wanapimiwa dhahabu wameziba pua, na hawabishani na mizani ili waondoke upesi. Wakacheka wote wawili, mmoja anatema, mwingine anajipangusa jasho. Dagaa alizotuletea sikuzigusa wiki nzima.

Sasa, huko Mwakitolyo hakuna aliyejua habari za kukatwa. Shangazi aliporudi kazini aliwaambia alikuwa anatibiwa sukari, basi. Alikuwa na sababu. Machimboni mtu akipata kwa ghafla, wanasema ametoa kafara: huyu katoa jicho, yule katoa uzazi. Mpishi anayerudi amepungua nusu, na tumbo lake halipo, wangesema nini?

Lakini kwa Mabula kulikuwa na utaratibu. Chakula hakiliwi mpaka mpishi ale tonge la kwanza mbele ya watu. Si kuonja chumvi. Tonge kamili, la kiume, limechovywa mchuzi, na kipande cha kitoweo ndani. Ameze, kisha afungue kinywa waone. Zamani watu wa kambi ya jirani waliwahi kuugua matumbo wote siku moja, ikasemwa wamewekewa kitu. Tangu hapo mpishi asiyemeza hapiki. Kwa hiyo kila mchana wanaume thelathini walikuwa wanakaa kimya wakiangalia koo la shangazi yangu, na kazi yake yote ilikuwa imening'inia kwenye koo hilo.

Likizo ya mwezi wa sita mama alinituma nikakae naye, nikaangalie anakulaje. Siku ya tatu nilikuwa nafua kanga yake, nikakuta pembe imefungwa fundo. Nikafungua. Ulikuwa ugali uliotafunwa, wa jana, umeshaanza kuvuta uzi, na nyuzi za nyama ndani yake kama nywele. Ulinishika vidoleni. Nilitapika kwenye beseni, juu ya nguo zilezile.

Shangazi akanikalisha kibandani, akanieleza polepole. Alikuwa analificha tonge shavuni, anafungua kinywa haraka, kisha anageuka kama anakohoa na kulitemea kwenye kanga. Kuhusu tonge la namna ile alisema likishuka halina pa kukaa. Akaniomba nisimwambie mtu.

Aliyemshtukia ni Mwigulu, kijana mmoja mchimbaji, mwembamba, mdomo haufungwi. Alishaanza kumtania kwamba siku hizi tonge la Mama Sabiti ni la kifaranga, na mama mwenyewe anatafuna kama mbuzi anayecheua. Wenzake walicheka. Kisha wakaacha kucheka, wakawa wanaangalia tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Ijumaa moja Mabula alipata mawe mazuri karasha, wanakosagia, akachinja mbuzi. Ugali ulipakuliwa kwenye masinia. Shangazi akanyoosha mkono kama kawaida, lakini Mabula akamtangulia. Akamega mwenyewe tonge, akalibonyeza, akaweka ndani pande la nyama lenye mshipa, akampa mkononi.

"Leo sherehe, mayu. Meza tukuone." Mayu ni mama, kwa Kisukuma.

Hakuwa na pa kukwepea. Alitafuna muda mrefu, Mwigulu akihesabu kwa sauti, moja mpaka thelathini. Akameza. Akafungua kinywa, kweupe. Mikono ikaingia kwenye masinia.

Mimi nilikuwa naangalia uso wake. Kwanza aliweka kiganja chini kidogo ya kifua. Halafu kinywa kikajaa mate, akayameza, yakarudi, akayameza tena, shingo inatutumka kama ya chura. Macho yakatoa machozi. Povu likaonekana pembeni ya midomo. Mwishowe likaja lote: tonge zima, halijabadilika umbo, limevikwa mlenda mweupe, mshipa wa mbuzi unaning'inia. Likaangukia ukingoni mwa sinia. Uzi mmoja wa mate ukabaki, umetoka mdomoni kwake mpaka kwenye tonge, unametameta juani, haukatiki.

Mtu mmoja akasema sumu. Hakupiga kelele, alisema kama anayetaja jina.

Sijawahi kuona kitu kama kile na sitaki kuona tena. Wanaume thelathini wakaingiza vidole kooni. Wapo waliotawanyika nyuma ya vibanda, walioinama palepale, waliotapikiana miguuni. Harufu ya mbuzi ikachanganyika na ile kali ya tumboni, nzi wakafika kama walioitwa. Mbwa wa kambi wakaja pia, wakala kila kitu, ugali wa kwenye sinia na uliotapikwa, bila kuchagua. Mwigulu alisimama juu yetu na sururu, anasema mama ale sinia zima au shimo lipo. Nilijikojolea kidogo. Naandika kwa kuwa ni kweli.

Shangazi alisimama. Akapandisha dera lake mbele ya wanaume wale, sketi imebaki chini, akaonyesha tumbo. Makovu matano, madogo kama ya kuchomwa sigara.

"Nimekatwa tumbo hospitali. Chakula ni kizima. Angalieni hao mbwa."

Wakaangalia. Mbwa walikuwa wamejilaza kivulini, wanajilamba.

Mabula akauliza kile kipande kilichokatwa kiko wapi. Shangazi akasema kilitupwa. Wakatazamana, kitu kama kile nani anakitupa? Mabula akauliza alikatwa mwezi gani. Wa pili, akasema. Mabula akahesabu kwa vidole, kimyakimya. Nilijua anahesabu nini, kwa sababu kambi nzima ilikuwa inasimulia: jiwe lilianza kuonyesha rangi ya dhahabu mwezi wa pili.

Uso wake ukalainika. Akavua kofia, akapiga goti moja, akampa shangazi mikono yote miwili.

"Wabeja, mayu." Asante, mama.

Wakafuata wote, mmoja mmoja, hata Mwigulu, sururu ameitupa. Mikono yao ilikuwa na matapishi bado. Halafu wakakaa wakala nyama iliyobaki sufuriani, bila kunawa, kwa vidole vilevile walivyovitoa kooni, tena kwa furaha, wakipeana mapande. Mwigulu alimtupia mbwa mmoja jiwe, nikadhani ni hasira. Kumbe mbwa huyo ndiye aliyekula lile tonge la shangazi. Mwigulu alisema lingewekwa mdomoni mwa shimo, livute dhahabu.

Mabula akatangaza kwamba kuanzia leo Mama Sabiti haonji kitu. Akae tu karibu na sufuria, apate fungu kama mchimbaji. Mimi nilifurahi, nikaona kazi imepona. Nilipomgeukia shangazi, nikaona anawaangalia wanavyolamba vidole, na uso wake ulikuwa ule wangu wa kwenye beseni.

"Mimi sikumpa mtu tumbo langu, Mabula."

"Tunajua, mayu," akasema, akamkonyeza. "Mambo haya hayasemwi."

Akarudia. Mabula akaitikia kwa kichwa, kwa adabu kabisa, akaendelea kunyonya mfupa.

Asubuhi yake tulifunga virago. Nilimlalamikia njia nzima kwamba si wamembakisha, tena na fungu, sasa atakula nini? Alisema tu kwamba kila wakimega ugali wake watakuwa wanamla yeye. Mabula alituma watu Kagongwa mara mbili, na kuku mkononi, aje akae tu pale, hata asipopika. Aliwarudisha na kuku wao. Baba alikasirika, akamwambia ana kiburi cha maskini, na kweli miezi mingi alikuwa anapepeta pumba kwenye mashine za mpunga, mtu aliyekuwa analisha kambi nzima. Habari za tumbo zilimfuata hata huko. Kuna mama mmoja alimwomba amguse mkono kabla ya kwenda kununua mzigo. Shangazi alimwonyesha mahali pa kunawia.

Sasa nipo kidato cha nne. Shangazi anauza mchele karibu na mashine hizohizo, ana meza yake. Juzi nilipitia pale kutoka shule, nikamkuta anakula wali kwenye kisahani cha kikombe, peke yake, taratibu, amegeukia ukuta. Kulikuwa na maharage. Nilikaa kwenye gunia. Nilishasahau kama niliwahi kumuuliza chochote. Yeye ndiye aliyekumbuka.

"Uliniuliza nikila najisikiaje. Tonge la kwanza tamu, kuliko hata zamani. La pili nalisikiliza. La tatu linasimama hapa, na likikataa nalitema, linatia kinyaa, najua, mimi mwenyewe sijakizoea. Lakini nalitema kwa sababu limekataa, basi. Hakuna mtu aliyekaa pembeni analiombea."