Kuku Aliyepanda Ndege

Mashine ya kusaga pale kijijini Mollo ikikohoa tu, mikono yangu hutafuta kuku wa kumkumbatia. Wanangu hucheka. Ngoja niwasimulie ninyi, maana wao wameshachoka kusikia.

Nilikuwa darasa la pili. Mama mdogo alikuwa amejifungua Mbeya, na mvua zilikuwa zimekata barabara. Rubani mmoja aliyekuwa akirudi huko na ndege ndogo, viti vitupu, alikubali kutupakia. Mama akabeba kuku wa supu ya mzazi, tetea la kijivu lililofungwa miguu kwa kamba ya katani. Rubani alimtazama kuku, akamtazama mama, akatufungulia mlango.

Tulipaa. Hata mji wa Sumbawanga haujaisha chini yetu, injini ikakohoa. Ikakohoa tena, kama mashine iliyotiwa mahindi mabichi, na harufu ya mafuta ikatujaa puani.

"Tunarudi uwanjani, mama," rubani alisema bila kugeuka. "Kazeni mikanda."

Mama akanipakatisha kuku. "Huyu anaogopa. Mfunike macho kwa kitenge, umwimbie. Usimwachie hata tukitikisika."

Niliipokea kazi ile kwa moyo wote. Nikainama, nikaimba wimbo wa Kifipa niliomlazia mdogo wangu, huku moyo wa kuku ukinidunda kiganjani. Mama akanilalia mgongoni kwa uzito wake wote.

"Mama, unatubana."

"Imba."

Kisha injini ikazima kabisa. Nilifurahi, kwa kuwa sasa kuku angenisikia vizuri.

Magurudumu yaligonga ardhi, tukarushwa, tukagonga tena, tukaenda kusimama kwenye nyasi mwisho wa uwanja, ng'ombe wa watu wakitukodolea macho. Mama aliteremka, akapiga magoti, akampigia rubani makofi ya taratibu ambayo sisi Wafipa huwapigia wakubwa kwa heshima, ingawa kijana yule angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Mimi nilikuwa nimenuna. Kuku alikuwa ameniharibia gauni la Pasaka.

Mama mdogo alipelekewa kuku mwingine kwa basi, barabara ilipopona. Yule wa kijivu mama hakumchinja. Alizeekea jikoni kwetu, akidonoa ulezi bila kufukuzwa, nami nikadhani mama amempenda kwa sababu alikuwa mtulivu angani.

Mwaka jana nilimpeleka mama Dar es Salaam kwa matibabu. Ndege ilipoanza kutikisika mawinguni, nilimwona amefumba macho, midomo inacheza. Nampenda sana mama yangu. Nikachukua mwanangu mchanga nikamweka mapajani pake.

"Mama, nishikie huyu. Anaogopa."

Mtoto alikuwa amelala fofofo. Mama alimtazama, akanitazama mimi kwa muda mrefu, kisha akavuta kitenge chake akamfunika macho taratibu.

"Na wewe sogea hapa," akasema. "Kuku wangu ni wewe."