Mama Alivyomuuza Bi Mkubwa

Mama yangu ni dalali wa mitambo iliyotumika, na katika kazi hiyo ana kanuni moja iliyotutia aibu watoto wake tangu tukiwa wadogo: anaanza na ubaya. Mteja akija kutazama friji, Mama haiwashi. Anaigeuza kwanza, anamwonyesha kutu iliyo mgongoni, anamwambia mlango huu ukiusukuma kwa pupa haushiki, na ukiiweka karibu na ukuta itanguruma mpaka jirani alalamike. Mteja akiuliza sasa uzuri wake uko wapi, Mama hujibu, "Uzuri utauona mwenyewe." Halafu anakaa kimya, mikono mapajani, kana kwamba hana shida ya kuuza kitu chochote.

Nilikuwa najificha nyuma ya duka nisiwaone watu wakiondoka. Kilichonishinda kuelewa ni kwamba walikuwa wakirudi. Kutoka kwenye friji Mama alipanda hadi vyerehani, kutoka vyerehani hadi jenereta, kisha mashine za kusaga, na safari moja kiwanda kizima cha kuoka mikate, pamoja na paka wake. Nilipomaliza shule nikawa dereva wake, karani wake na mpinzani wake mkuu. Kufikia hapo watu walikuwa wanaagizana mjini: ukitaka mashine isiyokuangusha, nenda kwa yule mama atakayekukatisha tamaa.

Baba ni mtu wa namna nyingine kabisa. Anaongea kidogo, anacheka kwa mabega, na tangu kabla sijazaliwa alikuwa mkuu wa zamu kwenye mtambo wa umeme wa gesi, ule wenye mabomba mawili marefu ya moshi upande wa viwandani. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa, kila walipokaa kula, alikuja mtu kumwita kwamba mtambo umegoma kuwaka. Siku moja Mama alimfunikia sahani yake akamwambia, "Haya, nenda kwa bi mkubwa. Mimi mke mdogo nitasubiri." Jina likashika. Hata meneja wa mtambo alikuwa akipiga simu nyumbani na kusema, kwa heshima zote, kwamba Bi Mkubwa anamhitaji.

Mama alikuwa na namna yake ya kuueleza mtambo huo kwa wasioujua. Ni kama umepika mchuzi kwenye jiko la mkaa, alisema, halafu badala ya kuuzima moto uliobaki ukachemshia maji ya kuoga. Gesi inaungua na kuzungusha mashine ya kwanza. Moshi wake, ambao bado una joto la kutisha, hautupwi. Unapelekwa kwenye boila kuchemsha maji, na mvuke unazungusha mashine ya pili. Moto mmoja, umeme mara mbili. Wahandisi walikuwa wanatabasamu wakisikia hivyo, lakini sikuwahi kumsikia hata mmoja akimsahihisha.

Kisha gesi ikaelekezwa kwenye mtambo mpya, mkubwa zaidi, na Bi Mkubwa akazimwa. Wenzake Baba wakatawanyika, wengine huko kwenye mtambo mpya, wengine kustaafu, wengine kaburini. Baba alibakizwa kuutunza mpaka upate mnunuzi. Kila asubuhi alikwenda kuwasha mota ndogo inayozungusha shafti, ule mhimili mrefu wa mashine, polepole, kwa sababu shafti ile ni nzito kiasi kwamba ikilala upande mmoja muda mrefu inapinda kwa uzito wake yenyewe. Alipuliza hewa kavu ndani ya boila isipate kutu. Alifuta vumbi kwenye meza ya chumba cha kuongozea mitambo, chumba ambacho hakikuwa kinaongoza kitu.

Wenye mtambo waliwapa madalali waliovaa tai kazi ya kuuuza. Hao waliutangaza kuwa ni kama mpya, na wanunuzi, ambao si wajinga, walifika, wakaona kutu ya kwanza, wakaondoka bila hata kumaliza chai. Ndipo alipotokea mnunuzi wa vyuma chakavu, mwanamume mnene mchangamfu aliyekuwa akijulikana kwa jina la Mkasi. Alizunguka mtambo akigongagonga mabomba na funguo za gari lake. Wenye mali wakamwambia asubiri hadi mwisho wa mwezi. Asipopatikana mtu wa kuununua mzima, aje aukate.

Jioni ile tulirudi na pikapu ya Mama. Baba akisikia pikapu hiyo huinuka kwenda kufungua geti, hata kama ana kijiko mdomoni, na siku hiyo pia alitufungulia. Lakini hakusogea kutupisha. Alisimama dirishani kwa Mama akasema, "Usiwaache wamkate."

Sikuwahi kumsikia Baba akiomba kitu kabla ya hapo. Mama alizima injini, akamtazama, akasema, "Niachie mimi." Kesho yake alikuwa ofisini kwa wenye mtambo. Mmoja wao alimwambia kwa upole, "Mama, hii si friji." Mama akamjibu kwamba anajua, friji huwa na wateja wengi zaidi, na akatoka na ruhusa.

Alimpata mnunuzi kupitia yule mtu aliyemuuzia kiwanda cha mikate. Mnunuzi huyo alikuwa na kiwanda cha saruji katika nchi jirani, ana gesi lakini hana umeme wa kutosha. Alikubali kuja kutazama, pamoja na mhandisi wake. Siku moja kabla hawajafika, Mama alinunua chaki nyeupe, akavaa kofia ngumu iliyomzidi kichwa, akaanza kazi. Kila penye kutu alichora duara. Kila penye ufa kwenye rangi, kila kifuniko kisichobana, kila bomba la boila lililowahi kuzibwa, duara. Baba alimfuata nyuma akizidi kunyong'onyea.

"Umemjaza mabaka," alisema.

"Kasoro za mke mwenzangu si mimi niliyempa. Na hapa juu je? Panavuja?"

"Panavuja kidogo."

"Kidogo nako ni kuvuja," Mama alisema, akapanda ngazi.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia hii ndiyo nafasi ya mwisho, na yeye anaufanya mtambo uonekane kama mgonjwa wa ndui. Asubuhi wageni walipofika, Mkasi naye alikuwepo, ameegemea lori lake langoni. Alipoyaona yale maduara alicheka mpaka akashika tumbo. "Asante mama," alisema. "Sasa najua pa kuanzia kukata."

Mnunuzi alikuwa mzee mwembamba wa sauti ya chini. Mhandisi wake alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imekomaa kwa kazi, na nilimpenda mara moja kwa sababu hakuyacheka maduara. Aliyafuata moja baada ya jingine, Mama akimweleza ubaya wa kila moja, na kila mara akikuta mambo ni kama alivyoambiwa, wala si zaidi. Akaingiza kamera ya waya mrefu ndani ya mashine ya gesi, akatazama mapanga yake yalivyojipanga. Akafunga kipimo kwenye shafti, akamwomba Baba aizungushe. Tulikuwa tumeinama wote, hata Mkasi, tukitazama mshale mdogo ambao haukutaka kucheza.

"Imenyooka," mhandisi alimwambia bosi wake. "Huyu mzee ameitunza." Baba akaangalia viatu vyake.

Nilijua tumeshauza. Mnunuzi alikuwa ameshatoa miwani na kuifuta, kama wanavyofanya wazee wakishakata shauri. Akauliza, nadhani kwa adabu tu, "Mama, kuna ubaya mwingine?"

Nikamkanyaga Mama mguu. Nilijua anachofikiria, kwa sababu nililelewa kwenye nyumba ile ya simu za kila saa.

"Mwanangu ananikanyaga," Mama alisema, "maana yake upo."

Akausema wote. Kwamba mtambo huu umetengenezwa na kurekebishwa miaka mingi, mara nyingine na mafundi waliokwisha kufa, na mambo mengi waliyoyafanya hayamo kwenye michoro. Kwamba kuna vali ya mvuke ambayo ikigoma haifunguki kwa swichi, inataka mtu aliyeizoea, anayejua ipashwe moto namna gani na isubiriwe mpaka ilie sauti gani. "Watu waliokuwa wakimjua hivyo wote wametawanyika," alisema. "Amebaki mmoja, mume wangu. Mkimchukua huyu Bi Mkubwa wake bila yeye, mnaweza kukaa miezi mnamtazama tu. Huo ndio ubaya wake mkubwa, na hauchoreki kwa chaki."

Mkasi aliacha kucheka, akajiweka sawa. Mnunuzi na mhandisi walikwenda kusimama kando ya pampu, wakaongea kwa muda. Mimi sikuweza hata kumtazama Mama. Baba alikuwa anafuta kipimo kwa kitambaa, akakifuta tena.

Waliporudi, mhandisi ndiye aliyezungumza. Michoro wataipitia, alisema, na yeye mwenyewe atajifunza mtambo huu kwa mikono yake, lakini haitakuwa kazi ya wiki. Wanamnunua mzima, kwa sharti moja. Mzee aende nao, asimamie kuufungua, kuufunga upya na kuuwasha, halafu awafundishe vijana wao. Miaka miwili.

"Unasemaje, mzee?" mnunuzi aliuliza.

Baba alikunja kitambaa. "Naona mimi nimekuwa sehemu ya mali," alisema. "Muulizeni dalali."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Aliomba nafasi kidogo, akamshika Baba mkono wakaingia chumba cha kuongozea mitambo, nami nikawafuata kwa sababu sina adabu. Mama alikaa kwenye kiti cha mkuu wa zamu, ambacho hakuwahi kukikalia maisha yake yote, akakizungusha nusu.

"Ungenyamaza," Baba alisema, bila lawama.

"Ningenyamaza, wangemchukua, angewagomea, wangemkata huko huko. Uliniambia asikatwe. Hukuniambia akakatwe mbali."

"Unataka niende?"

"Sitaki," Mama alisema. "Sitaki hata kidogo. Nimezoea kelele zako." Akatazama saa za vipimo na mishale iliyolala kwenye ile meza. "Wewe unataka?"

Baba alipitisha kiganja juu ya meza ile. "Nataka kumsikia akiwaka tena," alisema.

Mama akainuka. "Basi nitakuuza. Lakini kwa kanuni zangu."

Akatoka naye mpaka kwa mhandisi, akatoa kipande cha chaki kilichobaki mfukoni, akainama akachora duara kwenye suruali ya Baba, gotini. "Goti hili linauma akipanda ngazi, na hatakuambia," alisema. "Dawa zake za presha hazinywi bila kukumbushwa. Anakoroma. Ukimuuliza kama amekula atasema amekula. Akisema yuko sawa, muulize mara ya pili." Mhandisi aliitikia kila moja kwa kichwa, kama alivyofanya kwenye kutu. Baba alisimama wima na duara lake jeupe, mabega yakicheka.

"Na wewe mama?" mnunuzi aliuliza. "Kwa nini usije naye?"

"Mimi simo kwenye bei," Mama alisema. "Nina duka na wateja. Nitakuja kukagua."

Mhandisi akatabasamu. "Umetuambia ubaya wa mzee. Na uzuri wake?"

Mama alifungua mdomo kusema lile neno lake la siku zote. Lilikwama. Akageuka akayatazama mabomba ya moshi, kisha akalisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Uzuri mtauona wenyewe."

Kazi ya kuufungua ilifanyika kwa utaratibu, kipande kwa kipande, na Mkasi alipewa mabati ya paa na mabomba yasiyofaa ili asitoke mikono mitupu. Siku ya safari shafti ilitangulia juu ya trela refu, imefungwa turubai na kulazwa kwenye magogo kama mzazi aliyetoka hospitali. Baba alipanda gari la mhandisi nyuma yake. Mama alimfunga kifungo cha shati, akamwambia dawa ziko mfuko wa pembeni. Msafara ukaondoka. "Watu husema wake wenza hawaaminiki," Mama aliniambia tukiwa tumesimama barabarani. "Mimi nimemuuza mwenzangu kwa bei nzuri, na ameondoka na mume." Tukacheka wote wawili, tukapanda pikapu.

Tulifika nyumbani Mama akiwa ananieleza habari za jenereta mbili za hospitali atakazokwenda kuzitazama kesho. Nilisimamisha gari mbele ya geti, nikapiga honi kwa mazoea. Mama aliendelea kuongea kidogo, kisha akageukia geti. Tulikaa hivyo, injini inanguruma. Nilishika mlango nishuke, akanizuia, akashuka mwenyewe.

Alivuta komeo, akasukuma. Geti halikusogea. Akasukuma kwa bega. Likakwaruza sakafu, likakwama. Akasogea nyuma akalitazama juu hadi chini, bawaba zilivyolegea, alama ya nusu duara iliyochimbika kwenye saruji kwa miaka. Yeye anayeona kutu ya mtu mwingine akiwa barabarani.

Akatoa simu, akapiga. Alikuwa ameiweka kwa sauti kubwa, nikasikia muungurumo wa msafara, kisha sauti ya Baba ikisema hajambo na amekula.

"Hili geti bovu tangu lini?" Mama aliuliza.

"Siku nyingi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unarudi umechoka," Baba alisema. Halafu, taratibu, kama anayemwelekeza mtu mgeni wa zamu: "Shika pale chini kwenye ule mkunjo wa chuma. Linyanyue kwanza. Usilisukume bado. Weka goti, subiri ulisikie limeachia. Haya, sasa sukuma."

Mama aliweka simu juu ya nguzo, akainama, akanyanyua. Alisubiri, sikio karibu na chuma. Likaachia.