Dirii Chini ya Sweta

Mimi nimezaliwa Mitunguu, mume wangu ni wa Kianjokoma, na nyumbani kwetu mjini Embu tunaongea Kiswahili. Kimeru changu yeye anakishika nusu, na mimi Kiembu chake nakishika nusu. Hiyo nusu iliyobaki tunaiziba na Kiswahili cha shuleni.

Nimeajiriwa katika duka la vitabu. Siku moja mwalimu fulani aliingia akitafuta panga la mchezo wa kuigiza, na dukani hatukuwa nalo. Nikamwambia nitajaribu kumtengenezea. Yeye hakurudi tena, lakini mimi nikawa siwezi kuacha. Nilipomaliza panga nikatengeneza ngao, halafu chapeo ya kichwani, halafu dirii ya kufunika kifua na mgongo. Hata majina yenyewe niliyatoa kanisani, kwa sababu sikuwahi kuyasikia kwingine.

Kazi yenyewe si ngumu. Nanunua mikeka migumu ya sponji, ile ya kufanyia mazoezi, naikata kwa wembe, naipasha moto kwa draya ya nywele mpaka ilegee, kisha naikandamiza juu ya sufuria ichukue umbo. Nashikanisha vipande kwa gundi ya fundi viatu. Napaka rangi nyeusi, halafu nasugua rangi ya fedha juu yake kwa kitambaa. Ukiwa mlangoni utaapa ni chuma. Ukiinua utacheka, maana mkate una uzito zaidi.

"Sasa hii ni ya nini?" mume wangu aliniuliza siku ile dirii ilipokauka.

"Ni ya kuvaa."

"Uende wapi?"

Akatikisa kichwa akaenda kupika chai. Mume wangu ni mtu mtulivu, anafanya kazi ya maabara katika kituo cha afya, na kwao ndiye kitinda mimba katika ndugu wanne wa kiume. Kaka zake wakiongea, yeye hutazama viatu vyake.

Baada ya baba yao kufariki, kaka mkubwa alitaka mama yao ahamishwe kutoka nyumba yake, akae nyuma ya boma la huyo mkubwa, ili shamba ligawanywe bila nyumba kukaa katikati. Mama hakutaka. Mume wangu pia hakutaka, lakini hayo alikuwa ananiambia mimi tu, jikoni. Kikao kikaitwa Jumamosi asubuhi.

Njiani niliona mume wangu amenenepa. Kianjokoma kuna baridi, nikadhani amevaa sweta mbili. Tulipofika mama akamkumbatia, halafu akarudi nyuma akamtazama kifuani. Mume wangu alipogeuka kunisaidia na kikapu nikasikia kitu kinalia kwii, sponji ikisugua sponji. Mlio huo naujua hata nikiwa usingizini. Alikuwa amevaa dirii yangu.

Nilichanganyikiwa kabisa. Je, alifikiri kaka zake watampiga? Ile dirii haiwezi kuzuia hata gunzi la mahindi, naye alijua, kwa sababu alikuwa ameona nikiikata. Nikajaribu kumtazama usoni, akaangalia michai iliyokuwa shambani.

Tuliketi uani. Kikao kilikuwa cha Kiembu cha haraka na nilishika tu neno shamba na neno nyumba. Mke wa kaka wa pili, aliyeketi karibu nami, alikuwa ananitafsiria kwa sauti ya chini. Ghafla mume wangu akasimama, na watu wote wakamgeukia.

Sasa hapo ndipo nisipoelewa. Dirii ile niliikata kwa kipimo changu, na mimi ni mfupi. Mwanaume wa urefu wake akiketi nayo lazima imsukume tumboni. Labda alisimama kwa ushujaa. Labda alisimama kwa sababu hakuweza kupumua. Lakini kwao mtu akisimama katika kikao anaonekana ana neno, na kaka mkubwa akamwambia aseme basi. Akasema. Aliongea muda mrefu, na hakutazama viatu.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema mama hatoki," yule mke wa kaka wa pili akaninong'oneza. "Anasema kama ni kugawa, wagawe wakizunguka nyumba."

Kaka mkubwa akainuka kwa hasira akamsukuma kifuani. Mkono ukazama kidogo, ukarudi. Akautazama ule mkono wake, kisha akamtazama ndugu yake.

"Umevaa nini?" Hayo niliyaelewa bila kutafsiriwa.

"Nguo," mume wangu akajibu.

Hakuna aliyecheka. Kaka mkubwa akaketi polepole kama mtu aliyepoteza alichotaka kusema. Kaka wa pili akasema yeye pia anaona mama abaki, na wa tatu akakubali. Tukapewa githeri ya mahindi na maharagwe. Mume wangu alikula amesimama.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza kwa nini aliivaa.

"Kulikuwa na baridi," akasema.

"Na sweta je?"

Akafungua mishipi ya dirii, akaiweka juu ya meza kwa uangalifu. Alikuwa na alama nyekundu tumboni. "Nilikuwa natafuta soksi, nikaiona," akasema. "Mke wangu, hata mimi sijui."

Siku chache baadaye mama mkwe alinipigia simu. Aliongea Kiembu haraka, nami nikashika nusu yangu: kijana wake, kifua, na neno ambalo nadhani ni hospitali. Nikaelewa kwamba alipomkumbatia na kugusa kile kitu kigumu alidhani ni kifaa cha wagonjwa, na kwamba mwanawe anaumwa na tunamficha. Nilitafuta namna ya kumweleza kuhusu sponji na draya na gundi, kwa lugha ambayo sina. Mwishowe nikamwambia anaendelea vizuri.

Sasa kila tukienda kumwona anamchemshia maji ya tangawizi, anasimama mbele yake na kikombe mpaka kiishe. Mume wangu anakunywa yote, halafu anakohoa kidogo ili mama aridhike.